Butoyi wa Timu ya Njano

Alhamisi, wiki ya mwisho ya likizo. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa baharini, nguo hazikauki.

Coach Thandeka amesema leo asubuhi kwa simu kwamba Jumamosi, kwenye fainali ya netiboli ya watoto, binti zangu wawili watacheza timu moja. Mimi ndiye niliyeomba. Hakubisha. Aliomba radhi kwamba waliwagawa bila kujua, tukaagana vizuri.

Ilipofika saa ya chakula cha mchana nikajua kwamba hakukuwa na kosa la kusahihisha.

Nimekaa tangu jioni na sielewi. Kazini gazetini, habari ikinichanganya, huwa naipanga upya tangu mwanzo, jambo baada ya jambo. Ngoja nijaribu hapa.

Nianze na majina. Kwetu Burundi watoto wa baba mmoja hawana jina moja la ukoo. Kila mtoto ana lake. Ila majina ya mapacha yako tayari kabla hawajazaliwa: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Mrundi akisikia moja, anajua la pili lipo. Wangu wana miaka kumi na miwili na hawafanani hata kidogo. Bukuru mrefu, mwembamba, mikono kama matawi. Butoyi mfupi, mabega mapana, hutembea kama mtu aliyetumwa jambo la haraka. Mtu wa hapa Durban akiwaona na kusoma majina yao, anaona watoto wa nyumba mbili.

Kwenye mashindano haya ya likizo watoto hugawanywa siku ya kwanza. Ndugu huwekwa pamoja, ili mzazi asikimbie huku na huku kati ya viwanja viwili. Mke wangu, Espérance, alikuwa akiwashusha getini na kuwahi saluni kwake Umbilo Road. Mimi nilikuwa nafuatilia mgomo wa madereva. Vizibao vyao vya timu vilibaki kwa coach. Hatukuuliza, wala wao hawakusema.

Jumatatu nilienda kuwatazama kwa mara ya kwanza. Bukuru alivaa bluu, anafunga. Butoyi alivaa njano, mlinzi wa goli. Timu zote mbili zilishinda nusu fainali. Maana yake fainali ingewakutanisha uso kwa uso, mmoja akirusha mpira, mwingine amesimama mbele yake na mikono juu.

Nikasema moyoni: ni majina haya. Hawa watu hawakujua.

Sikuwauliza watoto. Kazini nisingechapisha habari kwa kumsikiliza mtu mmoja. Nyumbani sikumsikiliza hata huyo mmoja.

Jumanne tulikwenda Drakensberg na watu wa kanisani, basi dogo la taxi limejaa vyungu na mablanketi, tukalala huko usiku mmoja. Baridi ya milimani bado haijajua kwamba majira yamebadilika. Watoto walifunga waya kwenye mti, ukawa duara la goli, wakacheza mpaka giza. Bukuru anarusha, Butoyi anaruka, wanaangukiana kwenye nyasi wakicheka. Nalieleza hili kwa sababu leo Espérance ameuliza kama wanachukiana. Hawachukiani. Nimewaona.

Jumatano asubuhi, kabla ya kurudi, Mama Perpétue alikuwa anagawa maandazi kwenye beseni. Amehamia Pinetown juzi tu kutoka Bujumbura na hakuwa anawajua watoto wetu. Butoyi alipofika alimuuliza jina. Butoyi akamtajia.

"Eh, Butoyi! Na Bukuru iko wapi?"

Akampa maandazi mawili. Moja lake, moja la mwenzake. Kwetu ndivyo ilivyo: pacha hapewi kitu peke yake. Butoyi akashukuru kwa adabu, akaanza kuzunguka kambi na andazi kila mkono, akimtafuta dada yake. Bukuru alikuwa mtoni. Butoyi aliteremka mpaka huko. Lake lilikuwa limepoa na hakuwa ameling'ata.

Niliiona picha hiyo na nikaipenda. Nilimwonyesha Espérance. Nikamwambia tumelea vizuri.

Leo asubuhi ndipo nikampigia coach. Nilimweleza habari ya majina, akacheka, akasema laiti angejua mapema. Atamhamishia Butoyi bluu. Akaongeza kwamba bluu wana mlinzi wa goli tayari, kwa hiyo Butoyi ataanzia benchi, labda aingie mwishoni. Nikasema hakuna shida, muhimu wawe pamoja.

Nilisema hivyo mimi mwenyewe, neno kwa neno.

Mchana Espérance alirudi kula. Nikatangaza mezani kama mtu aliyeleta zawadi. Bukuru alitazama sahani. Butoyi aliweka kijiko chini.

Mama yao akauliza mbona hawafurahi. Akasema pengine hawajasikia vizuri, akarudia. Ndipo Butoyi akaanza kuongea akiwa ananitazama mimi, si mama yake. Siku ya kwanza, alisema, coach aliwauliza kama kuna ndugu kwenye mstari. Yeye na Bukuru walikuwa wamesimama wameachana hatua chache. Coach akamwuliza yeye moja kwa moja: huyu ni dada yako? Akajibu hapana.

"Ulisema hapana?" Espérance akauliza. "Ulimkana dada yako mbele za watu?"

"Sikumkana, Mama. Nilisema tu hapana."

"Iko tofauti gani?"

Butoyi akanigeukia.

"Papa, kule hakuna mtu anauliza Bukuru iko wapi."

Hakulia. Aliongea kama anayetaja hali ya hewa. Kanisani wanamuuliza, sokoni wanamuuliza, bibi yake akipiga simu anamuuliza kabla hajamsalimu. Pale uwanjani ni Butoyi tu, mlinzi wa njano, na wenzake wakishinda wanamkimbilia yeye. Kisha akauliza kama ni kweli atakaa benchi. Nikasema ni kweli. Akaomba ruhusa ya kutoka mezani.

Espérance alikasirika na kulia kidogo, vyote kwa pamoja. Anasema mapacha hawatenganishwi, amewabeba tumboni mmoja kando ya mwingine, na mtoto anayeanza kwa netiboli atamalizia na nini. Anasema watu wa kanisani watakuja Jumamosi na mabango, je, wamshangilie nani? Aliniambia, "Baba Bukuru, usiguse tena. Umeshaomba, wameshapanga, iache hivyo."

Baba Bukuru. Miaka kumi na miwili naitwa hivyo, na yeye ni Mama Bukuru, kwa sababu mzazi huitwa kwa mtoto wa kwanza. Bukuru alimtangulia mwenzake kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Leo ndiyo mara ya kwanza nimelisikia jina hilo kwa masikio ya mtoto wa pili.

Nilimfuata Bukuru kibarazani. Nilidhani yeye ndiye aliyeumizwa, kwa hiyo nilianza polepole, nikimweleza kwamba dada yake hakuwa na nia mbaya.

"Mi najua, Papa. Nilisikia siku ile. Nilikuwa hapo tu."

Nikamuuliza: kwa nini hukusema kitu?

"Aliniangalia."

Ndiyo hayo tu aliyokuwa nayo. Baadaye akaongeza, akitabasamu upande mmoja, kwamba Jumamosi alikuwa amejiandaa kumfunga vibaya, na Butoyi alikuwa amemwambia aje na leso ya kufutia machozi. Wanafanya mazoezi ya hilo kila asubuhi nyuma ya flati. Sisi tulikuwa tunaona watoto wanacheza.

Sasa niko hapa. Espérance ana hoja: hakuna anayejua upweke wa mtoto aliyezoea kuwa na mwenzake mpaka aupate. Bibi yao akisikia, itakuwa kesi. Nami sijui kama mtoto wa miaka kumi na miwili anajua anachoomba, au anajua kuliko sisi sote. Nimehoji mawaziri, nimehoji watu waliotoka gerezani, na sijawahi kupewa jibu fupi kama lile la Bukuru ambalo siwezi kulizunguka.

Saa kumi na moja nilimpigia coach tena. Espérance alikuwa kwenye mlango wa jikoni, amesimama akikausha mikono kwa taulo. Hakunizuia. Coach aliuliza nani anaongea, maana namba yangu hakuihifadhi.

Nikasema, ni baba yake Butoyi.

Mlangoni taulo lilitulia. Nikaeleza yote. Coach akasema eish, Baba, familia yenu hii. Kisha akasema hatanisikiliza tena mimi wala mama yao. Orodha ya timu inafungwa kesho baada ya mazoezi, na kabla ya hapo atawauliza wasichana wenyewe, kila mmoja peke yake. Wakikubaliana, njano inabaki na mlinzi wake. Wasipokubaliana, ndugu wanawekwa pamoja kama kawaida.

Maandazi ya Mama Perpétue yalibaki machache, Espérance ameyapasha moto na kuyaweka kwenye bakuli. Butoyi alipita sasa hivi kwenda kuoga. Akasimama mbele ya bakuli muda kidogo. Akachukua moja, akala hapo hapo.

Mama yake alimwona. Hakuuliza la Bukuru liko wapi.

Kesho saa nane mchana, uwanja wa Umbilo. Nitawapeleka mimi na nitakaa ndani ya gari. Fainali ni Jumamosi saa tatu asubuhi, Pinetown, na bado sijui nitakaa upande gani.