Tyuna Gani kwa Besi ya Mdogo Wangu?

Mpendwa mshauri,

Msaada ninaouomba hauwezi kungoja sana, kwa sababu daktari wangu ameacha kuniambia "tuonane mwezi ujao" na siku hizi husema tu "pumzika, mzee," na mimi niliyefundisha fizikia miaka ishirini na tisa najua kusoma kipimo hata kisipokuwa na namba. Basi nianze na lile nililolificha. Mdogo wangu hana sikio bovu, na hajawahi kuwa nalo. Sauti iliyomfukuzisha kwenye bendi miaka thelathini na minane iliyopita ilitoka kwenye gitaa lake la besi, na besi hiyo niliitengeneza mimi, kwa mikono hii ambayo leo hushika kikombe kwa taabu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha siku za kazi, na Jumamosi natengeneza magitaa ya watu katika chumba kidogo nyuma ya nyumba, na mimi mwenyewe nilikuwa mpiga besi wa bendi ya hoteli, bendi ya mpuliza saksafoni mmoja tuliyemwita Kapteni. Siku moja baada ya mazoezi Kapteni akaniambia mbele ya wote, "Mwalimu, wewe unapiga besi kama unasahihisha madaftari. Mdogo wako anapiga kama mtu anayekwenda kwa mpenzi wake. Wiki ijayo tunarekodi. Mpishe." Wenzangu walicheka hadi mpiga ngoma akaangusha fimbo, na mimi nikacheka nao, nikasema damu ni moja, akipata yeye nimepata mimi. Kesho yake mdogo wangu akaniletea besi yake aliyoinunua kuukuu, akasema, "Kaka, nitengenezee, wewe ndiye unayejua."

Kwa wasomaji wako wasiojua, gitaa linaweza kuwa na nyuzi zilizolinganishwa vizuri kabisa na bado likawa linadanganya. Ukiupiga uzi wazi, bila kuubonyeza, unatoa noti sahihi, lakini kadiri unavyopanda na vidole shingoni ndivyo noti zinavyozidi kupotoka, kwa sababu uzi ni mfupi mno au mrefu mno kule chini ulikokalia. Kila uzi una kikalio chake kidogo cha chuma kwenye daraja la gitaa, na nyuma ya kikalio kuna skrubu ya kukisogeza mbele au nyuma. Fundi hugusa uzi taratibu juu ya kile chuma cha kumi na mbili cha shingoni, asikie ile sauti nyembamba kama kengele, kisha aubonyeze palepale, na sauti hizo mbili lazima ziwe noti moja. Tyuna, yaani kipimo cha noti, ndiyo inayomwambia kama ni moja kweli. Nilikuwa na tyuna mbili. Moja kubwa ya kisahani kinachozunguka, nzito kama redio ya zamani, na nyingine ndogo ya mshale. Ile ndogo ilikuwa mbovu kwenye sauti za chini, mshale ulikuwa unatetemeka, ikabidi nikisie, na nilikosea. Nikafunga skrubu kwa tone la rangi nyekundu ya kucha, kama nilivyofanya kwa kila gitaa lililopita mikononi mwangu, ili zisilegee.

Studio ilikuwa chumba chenye mazulia ukutani na feni iliyozimwa isije ikasikika, na wimbo wa kwanza ulipofika pale besi inapopanda, Kapteni akaondoa saksafoni mdomoni. "Nani anatutilia ndimu humu?" Wakarudia. Ikawa ndimu tena. "Wewe dogo, sikio lako umelipangisha kwa nani?" Fundi mitambo akatoka kwenye kioo chake, akamwambia mdogo wangu apige nyuzi wazi moja moja, akazipima, akasema, "Nyuzi ziko sawa. Kilichobaki ni mpigaji." Ndipo Kapteni akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ndiye fundi. Besi ina tatizo?" Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Nikasema, "Besi iko sawa."

Nilikwenda garini nikachukua besi yangu, na santuri ile iliyopigwa kila harusi miaka ile, besi mnayoisikia ni mimi. Mdogo wangu alitoka mlangoni huku mpiga ngoma akimwita Nusunoti, na jina likamganda. Leo ni fundi wa makochi, na vijana wake karakanani wanamwita Mzee Nusunoti wakidhani ni jina la heshima. Hajapiga tena. Haimbi, hapigi mluzi, wala hakuwahi kuwabembeleza watoto wake kwa wimbo. Watu wakiimba kwenye sherehe yeye huenda kuangalia kama viti vinatosha. Na mimi ninaishi kwake, mshauri, katika chumba chake cha nyuma, na kila asubuhi yeye ndiye anayenibeba kunipeleka kuoga.

Sasa binti yake, mtu mzima mwenye kazi yake benki, ameitoa besi ile kwenye kitambaa ilichoviringishiwa, ameweka nyuzi mpya na anataka kujifunza. Ameniletea tyuna mbili alizoazima dukani ili nimchagulie moja. "Baba Mkubwa, wewe chagua, mimi nitalipa. Baba yangu usimuulize, unajua alivyo." Moja ni ya kubana kichwani mwa gitaa, ambayo kwenye uzi mnene huruka kutoka noti hii hadi ile, taa ya kijani ikapepesa, na anayetaka kuridhika ataridhika. Nyingine ni ya kuchomeka waya, yenye vimistari vya taa vinavyotiririka kulia noti ikiwa juu, kushoto ikiwa chini, na kusimama tuli ikiwa sawa kabisa. Alipotoka nilipima kwa hii ya pili. Rangi yangu nyekundu bado ipo, hakuna mkono mwingine uliopita. Nafasi kati ya noti moja na jirani yake hugawanywa vipande mia, na nyuzi zote nne zikibonyezwa zimepanda, kumi na nne, kumi na nne, kumi na tano, kumi na nne.

Nikimchagulia ile ya kubana, atalalamikia vidole vyake maisha yake yote kama baba yake. Nikimchagulia hii sahihi, siku ya kwanza tu ataona, ataona na rangi yangu, na atauliza. Jumamosi anakuja kuchukua jibu. Nimchagulie ipi?

Mwalimu mstaafu

*

Mzee wangu, shikamoo. Salamu hiyo ni ya umri wako. Kwa mengine bado tunaongea.

Pole kwa maradhi, nasema kwa moyo. Lakini wewe umeniandikia kurasa nne kuniuliza tyuna, kama mtu aliyeunguza nyumba ya jirani halafu anaomba ushauri wa kiberiti. Umenifanya nikatafute mjuzi, maana mimi gitaa nalijua kwa kulicheza tu. Karibu na ofisi yetu kuna fundi wa magitaa, nikampelekea namba zako bila jina. Akazisoma mara mbili, akanirudishia karatasi.

"Dada, nani kakwambia hii ni tyuna mbovu?"

"Mwenyewe kasema."

"Tyuna mbovu ni mlevi. Umewahi kuona mlevi akapiga hatua nne zinazolingana? Uzi huu ungepanda, ule ungeshuka, mmoja ungekuwa sawa kwa bahati. Hizi nne zimepimwa."

Nikamuuliza labda ilikuwa inadanganya kwa kiasi kilekile kila mara. Akacheka, akasema hapo ndipo kabisa, kwani fundi analinganisha noti moja na noti ileile, na kipimo kikikosea kiasi kilekile mara zote mbili kazi itatoka safi.

Na mimi nisiyejua vikalio wala skrubu nina swali la kwangu. Ulikuwa umeshampisha mdogo wako. Siku ile hukuwa mpigaji. Besi yako ilikuwa inafanya nini garini?

Usinijibu mimi. Mimi sikubebi kwenda kuoga.

Najua ilivyouma kuchekwa mbele ya wenzako, ukaambiwa umpishe mdogo wako. Ni uchungu, na sikubezi. Lakini uchungu wako ulikuwa wa alasiri moja, ukamkabidhi mwenzio aubebe miaka thelathini na minane, kisha ukahamia kwake akubebe na wewe. Na sasa unataka kumfunga na binti yake kwa kamba ileile. Mzee, hata aibu ina kipimo!

Fanya hivi. Chagua hiyo ya waya, hilo halina mjadala. Fundi anasema kwa besi uchukue inayopima hadi sehemu ndogo ya kipande kimoja na inayoshika sauti za chini bila kurukaruka, tena ichomekwe kwa waya, usitegemee maikrofoni ya simu chumbani mwenye feni na kuku. Nyuzi ziwe mpya. Gitaa lishikwe mapajani kama linavyopigwa, lisilazwe mezani, na kidole kibonyeze kwa nguvu ya kawaida.

Lakini asipime binti. Jumamosi mwite mdogo wako chumbani kwako, umpe besi yake. Atakataa, mwombe. Tyuna ifunikwe kwa kitambaa. Apige ile sauti ya kugusa, kisha ya kubonyeza, aseme mwenyewe anachosikia, na ndipo binti afunue. Wewe ulimnyang'anya sikio lake, na hawezi kurudishiwa kwa maneno yako, kwa kuwa maneno yako ndiyo yaliyolichukua. Alipate kwa kulitumia.

Kisha atakuuliza. Hapo usilie, usikohoe, usimwite daktari. Jibu alichouliza.

Jibu hili nimelituma kwako kwa posta kwanza. Gazetini nitaliweka baadaye.

Mshauri wako

*

Mshauri,

Mwandiko huu ni wa binti yetu, maneno ni yangu. Barua yako ilifika Ijumaa, na nilikasirika mpaka nikakataa uji.

Jumamosi mdogo wangu alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, binti akiwa ameshaifunika tyuna kwa kitambaa. Nilipomwonyesha besi alisema, "Kaka, hayo yalishakwisha. Mpe mtoto." Nikamwomba. Akasema hana sikio, mimi si najua? Nikamwomba tena, na nadhani alikubali kwa sababu ya hali yangu, kama watu wanavyokubali kumpa mgonjwa chochote. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaiweka mapajani, na vidole vyake vilivyojaa makovu ya misumari vikaenda mahali pake bila kutafuta.

Akagusa. Akabonyeza. Akarudia.

"Imepanda," akasema polepole, akimtazama binti yake kama mtu anayeomba ruhusa. "Au ni mimi?"

Binti akafunua kitambaa. Taa zilikuwa zinakimbia kulia.

"Si wewe, Baba. Kumi na nne."

Akaenda uzi wa pili, akasema imepanda kabla taa hazijatulia. Wa tatu. Wa nne. Alikuwa anatoa jasho. Akainama akaangalia vikalio, akapitisha ukucha juu ya rangi nyekundu. Vijana wake walimwita nje, "Mzee Nusunoti! Kitambaa cha makochi kimefika!" lakini hakuitika.

"Mwanangu hakuwahi kunisikia nikiimba," akasema. Hakuwa akimwambia yeyote.

Kisha akanigeukia. Sikuona hasira, na ningeipokea kwa furaha kama ingekuwepo. Aliniuliza kwa sauti ile ile aliyokuja nayo chumbani kwangu siku ile, ya mtu anayemuuliza anayejua.

"Kaka, hii ulipima kwa ipi?"

Nilikuwa na ile ya mshale tayari mdomoni, mshauri. Nimeisema miaka mingi kiasi kwamba karibu naiamini.

"Kwa ile kubwa ya kisahani," nikamwambia. "Nilipima mara mbili ili nisikosee."