Msuli wa Sauti ya Juu

Jumatatu, 3 Juni
Kidole shingoni kabla ya kufungua duka. Chini ya kikoromeo, kwenye kile kishimo. Nikasema iii ya chini, halafu iii ya juu. Ya juu haikutoka na kishimo hakikubana. Kama jana, kama juzi.

Wateja wa ng'ambo ya mpaka wamepita na toroli zao. Nimewaita, hawakugeuka. Zamani nilikuwa nawaita kutoka huku mpaka kwenye geti la forodha. Jirani yangu wa mchele kawabeba wote, huku ananichekea. Mshenzi.

Jumatano, 5 Juni
Kwa daktari aliyenitoa goita. Kanichorea kwenye boksi la dawa. Gegedu ya juu, ule mfupa laini wa koo, kama ngao, ya chini kama pete. Katikati yake, mbele, kimsuli kidogo kila upande. Kikikaza, pete na ngao zinakaribiana, nyuzi za sauti zinavutika, sauti inapanda. Changu kimelala. Neva yake ilipita jirani na goita. Labda ilivutwa tu wakati wa upasuaji, labda ilikatwa. Ikivutwa hurudi, taratibu. Hana haraka, shingo si yake.

Kuongea nitaongea, anasema. Nikamuuliza kuhusu kigelegele. Akacheka. Nilitamani kumpiga na boksi lake.

Ijumaa, 7 Juni
Harusi ya Neema ni Jumamosi ya wiki ijayo, Mbozi. Mtoto wa marehemu kaka yangu. Kwa ukoo wetu bibi harusi hatoki ndani mpaka shangazi apige kigelegele cha kwanza. Shangazi akinyamaza, maana yake upande wa baba hauridhiki, na ndoa inaanza na nuksi. Shangazi ni mmoja. Ni mimi.

Na mama yake, wifi yangu, kila mtu anajua sielewani naye. Aling'oa kahawa ya kaka akapanda parachichi, hata matanga hayajapoa. Sijamsamehe. Simsamehe leo pia.

Jumapili, 9 Juni
Nimeletewa maneno ya kikao cha harusi. Wifi kasimama mbele ya watu kasema nitawakomoa. Kasema habari za koo langu ni visingizio, mbona sokoni naongea na wateja? Kamwandaa mdogo wake apige badala yangu. Mdogo wake! Mtu wa upande wa mama. Kijana wa muziki naye kajitolea kuweka kigelegele cha kwenye simu. Wote wapumbavu.

Jumanne, 11 Juni
Neema kaja dukani. Hakukaa. Kaniuliza, shangazi, una kinyongo na mimi? Nikamweleza msuli, neva, ngao na pete. Aliniangalia kama namsimulia habari za majini. Kwao koo linaloongea haliumwi. Kaondoka akilia barabarani, malori yanampigia honi.

Namchukia mama yake kwa hilo kuliko kwa kahawa.

Alhamisi, 13 Juni
Nimejaribu kigelegele stoo, katikati ya magunia. Ulimi unacheza vizuri. Sauti haipandi. Inatoka pumzi na mkwaruzo. Nimelia kwa hasira, halafu nikampimia mteja mchele kilo tano.

Jumamosi, 15 Juni
Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Uwanja ulijaa. Wazee wa bwana harusi mbele kwenye viti. Neema yuko ndani, mlango umefungwa. Wifi pembeni na mdogo wake, tayari. Nikasimama mlangoni. Nikajaribu, sikutaka kushindwa bila kujaribu. Kikatoka kitu kama mbuzi mwenye kikohozi. Watu wakacheka. Wifi akasema kwa nguvu, "Mmesikia? Kakusudia huyo!"

Nilimkamata mkono. Nikakibandika kidole chake shingoni kwangu, kwenye kishimo, nikajikakamua mpaka macho yakatoka maji. Hakuna kilichosogea. Halafu nikakipeleka shingoni kwake nikakikandamiza. Akapiga ukelele, "Niachie, wifi!" Juu kabisa.

Akashtuka. Nilimwona. Kishimo chake kilikuwa kimebana chini ya kidole.

Alikirudisha mwenyewe kidole shingoni kwangu, sikumshika. Akasema polepole, "Jaribu tena." Nikajaribu. Changu hakikubana.

Halafu akageukia mlango akapiga yeye kigelegele. Kirefu, kikali. Mlango ukafunguliwa, Neema akatoka. Watu wakalipuka, ngoma zikaanza. Sikujua kama amenipokonya au amenisaidia. Sikumshukuru. Sikula chochote.

Jumapili, 16 Juni
Asubuhi bado niko kwa wifi, wanawake tunaosha vyombo. Hatujasemeshana. Parachichi zake zimefika kiunoni. Sizipendi bado.

Mzee wa upande wa bwana harusi alikuja kuaga. Kabla hajaondoka akaulizia jambo lililowasumbua usiku: kile kigelegele cha mlangoni, tulivyokuwa tumesongana wawili pale, kilikuwa cha nani? Maana wao wanarudi kwao, na wataulizwa kama upande wa baba uliridhia.

Wanawake wote wakanitazama. Mimi nikatazama maji.

Wifi hakuinua kichwa. "Cha shangazi yake," akasema, akaendelea kusugua sufuria.

Mzee akashukuru, akaenda zake. Nikavuta sufuria nyingine, nikakaa karibu na wifi.