Kamera Inayotaka Baridi

Ijumaa, mwishoni mwa Julai. Mchana kutwa mawingu, jioni anga limefunguka ghafla kama mtu aliyeondoa shuka kitandani.

Nilikuwa na usiku mmoja tu. Kesho Mama, mama mzazi wa marehemu mume wangu Yona, anahamia Muheza kwa binti yake. Siku ya matanga alisema mbele ya watu kwamba mwanawe alikuwa akikesha nje kwa sababu ndani hakukuwa na amani.  Sikutaka aondoke na neno hilo.

Nilitaka aone Yona alichokuwa akikitafuta.

Alikitafuta miaka mingi kwa darubini yake na kamera ya kawaida. Ni wingu la gesi lililo karibu na mkia wa Nge, lile kundi la nyota. Kila picha ilitoka na chengachenga nyekundu na bluu, kama pilipili iliyomwagika. Kamera ikipiga muda mrefu hupata joto, na joto ndilo linaloleta zile chenga. Kwenye karatasi ya vitu alivyotaka kununua aliandika kamera ya kupoozwa, ya nyeusi na nyeupe, pamoja na vichujio vya rangi.

Nakiri, nilipokwenda kuinunua sikumfuata. Nimeishia darasa la saba, lakini nimeishi na ukungu wa Lushoto maisha yangu yote. Kamera ile hupiga rangi moja moja, halafu unaziunganisha. Hapa anga likikupa saa mbili, umshukuru Mungu. Nikachagua ya rangi, inayochukua zote kwa mara moja.

Jinsi ninavyoipenda! Ni ndogo kama kopo la maziwa. Nje leo palikuwa na nyuzi kumi na moja, yenyewe ndani imeshuka hadi kumi chini ya sifuri na kutulia hapo, haipandi wala haishuki.

Saa mbili usiku nilianza, picha za dakika tatu tatu. Nikaingia jikoni kuota moto, kompyuta mapajani, waya umepita dirishani.

Baada ya muda nikaona nguvu ya kupooza imefika asilimia mia. Kisha joto likaanza kupanda. Hasi sita. Hasi moja. Nne.

Nikatoka mbio. Mama alikuwa amesimama kando ya darubini. Kamera ilikuwa imeviringishwa blanketi, na fundo juu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekifunika. Kinavuma kwa baridi, na wewe umejikalia motoni."

"Hiyo baridi ndiyo tunayoitaka, Mama."

"Hakuna anayetaka baridi. Hata Yona nilikuwa namfunika huku akikataa."

Sikuweza kukasirika. Huku kwetu mwezi wa saba mgeni hupewa blanketi kabla ya chai. Nikafungua fundo, nikaushika mkono wake na kuuweka nyuma ya kamera, kwenye feni. Upepo wa moto ukampiga kiganjani.

"Kumbe kinapumua!"

"Kinatoa joto nje ili ndani kupoe."

"Basi ni jokofu. Ungesema mapema, mkamwana wangu, unanitia aibu mbele ya jokofu."

Tukacheka. Sikumbuki ni lini tulicheka pamoja mara ya mwisho.

Picha zilizopigwa chini ya blanketi nilizifuta. Nikapata nyingine kumi na mbili kabla ukungu haujapanda kutoka upande wa Mazinde. Nikaziunganisha pale jikoni, Mama akiwa pembeni yangu.

Wingu likatokea. Jekundu, laini, lina mkondo mweusi katikati kama njia ya maji. Chenga hakuna.

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. 

"Hiki ndicho alichokuwa anakikeshea?"

"Ndicho, Mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nampelekea chai."

 Akatoa simu kwenye khanga, akampigia binti yake.

"Usije kunipokea kesho. Hapana, siumwi. Nitakuja wiki ijayo. Tuna kazi huku, na mkamwana wako… eh, wifi yako, hawezi peke yake. Hajui hata kunieleza mambo kabla sijayaharibu."

Sasa amelala, nasikia akikoroma chumba cha pili. Mimi macho makavu, usingizi hauji. Kesho tutaanza saa moja na nusu, giza likiingia tu. Nitamwacha yeye achague pa kuielekeza darubini.