Majina Thelathini na Moja ya Mtoto wa Joash

Duka la Uchapaji,
Soko la Lubao,
S.L.P. 1163,
Kakamega.
19 Machi 2001

Mpendwa mdogo wangu Joash,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe? Jelagat amepata nguvu tangu ajifungue? Na mtoto, bado analia vile ulivyoandika kwenye barua yako? Sisi huku tunaendelea, tunamshukuru Mungu. Mvua imeanza na matope ya soko yamenifika mlangoni. Mama hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua akiinuka. Anasema huko kwenye baridi mtoto afungwe kichwa, na msimwogeshe kila siku kama sahani.

Usishangae kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu mwenye kompyuta. Hiyo kompyuta yako uliyoninunulia haijatuma hata neno moja tangu Februari, na simu ya duka nayo haifanyi kazi. Ningeweza kukuandikia kutoka kule mjini kwenye mashine za kulipia, lakini haya si maneno ya kuandika huku mtu amesimama nyuma yako anangoja kiti.

Najua unachongoja. Ubatizo ni Jumapili ya Pasaka. Jina la kanisani mnalo, la nyumbani hamna, na daktari wenu haoni ugonjwa. Mtoto anayelilia jina, kwa kina Jelagat hupiga chafya likitajwa la mzee wake, kwetu hunyamaza. Ndiyo maana uliniomba mapema nikusanye majina ya wazee wetu waliotangulia kutoka kwa Shangazi Navalayo, dada yake marehemu Baba, uyataje moja moja mtoto akilia. Joash, nisikuzungushe. Majina yalikuwa thelathini na moja na nimeyapoteza. Kaa chini nikueleze, maana nisipomweleza mtu nitapasuka.

Mwezi wa kwanza, Jelagat akiwa bado mjamzito, Shangazi alikuja dukani siku tatu mfululizo. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akavua viatu, akawa anataja mimi nachapa. Kila jina alilichambua: huyu alikufa vizuri, mpe mtoto, huyu alikufa vibaya, mwache alale. Karatasi alikataa katakata. "Karatasi huokotwanga," aliniambia. "Mtoto hajazaliwa na majina yake yanatembea sokoni?" Unajua kwetu mtoto hatayarishiwi jina kabla hajaonekana. Kompyuta aliikubali kwa sababu niliiita sanduku la kufungwa. Hata hivyo alitaka majina yafichwe, mtu asije akafungua akayaona. Basi nikayaweka katikati ya barua za wakulima wa miwa, nikayaita Miwa ya Tisa. Nilijiona mjanja kweli.

Mtoto akazaliwa, ukapiga simu, tukapiga vigelegele hapa sokoni hadi muuza mbuzi akauliza kuna nini. Nikasema kesho natuma. Kesho yake kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe. Nawasha, inazima. Nachapa mstari mmoja, inaganda. Kumbe nilikuwa nimepokea flopi ya mteja yenye virusi. Hawa watu wa miwa, Joash, tangu bei ipande kila mmoja anataka barua ichapwe, na kila mmoja anakuja na flopi aliyoibeba mfukoni pamoja na tumbaku.

Nikamwita Cornelius, yule fundi wa mjini ambaye zamani alikuwa anatengeneza redio. Akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Alikuja na diski ya pili, ya mtumba, akasema atahamishia huko vitu vya maana kwanza, halafu afute ile ya zamani. Akaniuliza vitu vya maana ni vipi. Nikamwambia: picha za nyumbani, barua za kanisa, barua zako zote. "Na hizi za miwa?" Nikamwambia hizo achana nazo, wenyewe walishachukua nakala zao. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu, tena nikiwa nakunywa chai.

Akafuta. Akaweka Windows. Kazi ilichukua siku nzima na nilimpikia ingokho, kuku mzima, si unajua mgeni hawezi kukaa kutwa nzima kwa chai tu. Jioni akanionyesha kioo kizuri cha buluu, kisafi kama meza ya altare, akaenda zake. Nikafungua kutafuta diski ya pili. Haipo! Kompyuta inasema ina diski moja tu. Nikaizima, nikaiwasha. Moja. Nikaipiga kofi kidogo ubavuni. Moja. Cornelius nilimtafuta siku nne, naambiwa yuko Likuyani anaweka umeme wa jua kwa mtu.

Nikasema basi, angalau nikuandikie barua pepe nikueleze. Wapi! Windows mpya haikuijua modemu. Inataka draiva, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na modemu. CD yake ilipotea wakati tunahama kutoka chumba cha nyuma. Nikaenda mjini kuuliza, kijana wa zile mashine za kulipia akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo utaipata kwenye intaneti." Nikamwambia intaneti ndiyo ninayoitafuta. Akasema ndiyo, anaelewa, lakini draiva iko kwenye intaneti. Nilitaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Akanitolea hapo hapo, akaigawa kwenye flopi nne kwa kuwa moja haitoshi. Nikarudi nazo Lubao. Ya kwanza imesoma. Ya pili imesoma. Ya tatu imekwaruza, imenung'unika, imekataa. Nikarudi mjini. Safari hii ya tatu imesoma, ya nne imekataa. Nilienda mara tatu, Joash, na miguu hii yenye matope, mpaka yule kijana akawa ananipa kiti kabla sijamsalimu.

Hatimaye modemu ikawaka taa. Nikabonyeza kupiga. Kimya. Ikaniambia hakuna mlio wa simu. Nikabadilisha waya, nikachomoa, nikachomeka, nikaondoa draiva nikaiweka tena. Siku tano nikiitukana modemu ya watu! Simu yenyewe ya mezani ilikuwa kwenye droo, kwa sababu Cornelius aliichomoa ati isije ikalia katikati ya kazi. Ndiyo maana ulipopiga hukujibiwa.

Siku ya sita Mama Andati, yule wa kinu cha posho, aliingia kununua bahasha akanikuta nimeshika kichwa. Nikamweleza. Akaniangalia kama mtu aliyepagawa. "Si waya yako ilivutwa na trela ya miwa ile Jumapili? Ilikuwa imejaza mpaka juu, ikapita kwa kona, ikaenda na waya. Nilidhani unajua!" Nikatoka nje. Nguzo ipo, waya uko chini kwenye majani, na ng'ombe wa mtu amelala juu yake. Soko zima lilijua. Hakuna aliyeniambia, kila mtu alidhani najua! Siku hizi trela zinashindana nani atapakia zaidi, na sisi tulio kando ya barabara tunahesabiwa kama majani. Watu wa simu nimewaendea mara mbili, wanasema fundi yuko njiani.

Cornelius alirudi wiki iliyopita, Jumatatu. Nilimpokea kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Akafungua kompyuta, akachungulia na tochi, akaanza kucheka. "Madamu, hizi diski zote mbili zinajiita kubwa. Ndiyo sababu moja inafichwa." Kumbe nyuma ya kila diski kuna kipande kidogo cha plastiki cha kuionyesha kompyuta ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili, naye alisahau kukihamisha. Nikamwambia hata mwenye wake wawili anajua hilo. Akakihamisha kwa kibano, akawasha, diski ya pili ikajitokeza.

Joash, niliruka. Nikafungua. Picha za arusi yako zipo. Barua za kanisa zipo. Barua zako zote tangu uende zipo. Nikatafuta majina. Nikatafuta tena. Kisha nikakumbuka nilikoyaficha, na nikakumbuka nilivyomwambia Cornelius kuhusu miwa. Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja, nikamwomba Cornelius ayatafute. Cornelius alijaribu kuyachimbua kwenye ile diski iliyofutwa. Alipata nusu barua ya mkulima anayelalamika miwa yake imechelewa kukatwa hadi imetoa maua, basi. Tangu siku hiyo sina hamu hata ya kuiwasha.

Utaniuliza, si urudi kwa Shangazi akutajie tena? Ndilo jambo ambalo nimelizunguka tangu nianze barua hii. Shangazi alianguka tarehe tatu mwezi huu akichuma mboga. Kiharusi. Tulimpeleka hospitali ya Mukumu, wakamtunza vizuri, na Alhamisi amerudishwa nyumbani. Anakula, anatambua watu, mkono wa kushoto unafanya kazi. Lakini maneno hayaji. Anafungua mdomo, unaona kabisa neno liko pale, halafu halitoki.

Jumamosi nilienda kwake na karatasi. Sasa hata yeye hakuwa na nguvu za kuikataa. Nilikuwa nimeandika majina tisa niliyoyakumbuka kwa kichwa, lakini siwezi kukutumia hivi hivi. Mfano kuna Were wawili, mmoja alikufa vizuri na mwingine alikufa vibaya, na sikumbuki ni yupi Shangazi alisema tumwache. Nikamsomea, nikamwambia afumbe macho kwa yule anayefaa. Hakufumba. Were, hapana. Osundwa, hapana. Nilisoma yote tisa, akatikisa kichwa kwa yote, na machozi yakaanza kumtoka. Nikamwambia, "Shangazi, mtoto wa Joash analia huko, hana jina." Akanishika mkono. Akasema wazi kabisa, "Elkanah."

Nikamwambia huyo hayumo kwenye orodha. Akasema tena, "Elkanah."

Ulinikataza, najua. Ulisema niandike wafu wote wa ukoo huu isipokuwa Baba, na Shangazi alipofika kwake mwezi wa kwanza niliruka, naye aliona nikiruka, akataja aliyefuata. Sijasahau Baba alichokufanyia. Nilikuwepo siku trekta lilipoiangusha simba yako, kile kibanda chako cha ujana, ili apate mistari sita zaidi ya miwa. Kijana kubomolewa simba na baba yake mwenyewe, vitu vyake vimetupwa kwenye nyasi, si jambo la kusahau, na ulipokataa kuja kumzika sikukulaumu mbele ya mtu. Lakini nilikukasirikia, Joash. Mama alikaa kwenye ule msiba akiangalia barabara. Na Baba nilimkasirikia pia, na bado namkasirikia, kwa miwa yake ambayo haikumfaa hata misimu miwili kabla hajafa. Nimechoka kuwa katikati yenu.

Sijui kama Shangazi anachagua, au ni kwamba jina la kaka yake ndilo peke yake lililobaki kichwani mwake. Nimemuuliza Mama. Mama alienda jikoni kusukuma kuni, akarudi akasema nikuandikie kama lilivyo.

Kwa hiyo nakutumia moja badala ya thelathini na moja. Mtoto akilia, usimwambie mtu, mchukue mwenyewe, mwite hilo jina mara moja. Asiponyamaza, basi, nitakaa na Mama tuchague jingine na hutalisikia hilo tena kutoka kwangu. Akinyamaza, Joash, usinifiche.

Mama anakusalimu. Binamu yetu Mideva anakusalimu, amepata kazi ya kupika kwenye shule moja huku kwetu, anasema umtumie picha ya mtoto akiwa amefungua macho. Mzee Chrispinus jirani anauliza kama bado unamkumbuka. Shangazi Navalayo hakuweza kutuma salamu kwa mdomo, lakini nilipoinuka kwenda alininyooshea ule mkono wake mzima kuelekea barabarani, nikaelewa ni wewe. Umsalimu Jelagat na kina mama wa huko wanaomsaidia.

Mungu awalinde nyote watatu na awape usingizi.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na bado ninakupenda,

Edah

Yule mtoto, ukimwita, mwite kwa sauti ya kawaida. Baba hakupenda kuitwa kwa kelele.