Matundu Matatu ya Wembe

Makanyagio, Mpanda
9 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na lile goti limeacha kukusumbua tangu mvua zilipokatika. Bibi Scolastica anaendeleaje? Bado anakataa uji usio na karanga? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu wakati wote, na Bibi huwa pembeni yako. Maiko wa bodaboda atakukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako, hata kama ni shambani.

Unayakumbuka majarida ya kanisa aliyoyaacha Babu, aliyoyashona kwa sindano ya magunia na kuyafungia kwenye sanduku la bati. Katika matoleo matatu ya mwaka 1974 kuna matundu yaliyokatwa kwa wembe, kila moja dogo kama kiberiti. Kaka Kelvin na mimi tulikuwa tukichunguliana kupitia humo. Bibi alituambia alikata karatasi ya kupimia kola, enzi za cherehani yake. Niliamini mpaka nilipojifunza kushona. Hakuna kola ya ukubwa ule.

Mwaka juzi, nilipokuwa chuoni nikiandika tasnifu kuhusu reli ya Mpanda, mwalimu wangu alinielekeza kwenye tovuti ya maktaba moja ya ng'ambo, ambako magazeti na majarida ya zamani yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Nilitafuta kwa neno Mpanda nikapata vichache, maana wino umefifia na mashine inasoma herufi vibaya. Ikabidi nifungue ukurasa mmoja mmoja, bando likiisha naongeza. Ndipo nikakutana na jarida la Babu, toleo la Agosti 1974. Ukurasa wao ulikuwa mzima.

Pale penye tundu letu palikuwa na tangazo. Lilisema anatafutwa Doto, mtoto wa kike wa miaka mitatu, aliyepotea stesheni ya Mpanda siku treni ilipojaa. Ana kovu la moto nyuma ya kisigino cha kushoto. Pacha wake, Kulwa, yupo nyumbani. Atakayemwona ampeleke misheni yoyote. Ni mimi mama yake, Nyanzala, Kaliua. Toleo la Oktoba lilirudia maneno hayo. La Desemba lilikuwa na mstari mmoja tu: Doto bado anatafutwa.

Mama, kovu hilo unalijua. Umeambiwa maisha yako yote kuwa ni la chungu cha uji.

Sikutaka kuamini karatasi peke yake. Niliiandikia parokia ya Kaliua, na mwezi wa kumi na moja katekista mmoja, Mzee Telesphor, akanijibu kwamba Nyanzala yupo hai, macho hayaoni tena, na kila mgeni akiingia humuuliza kama ametokea Mpanda.

Krismasi ile ulipokwenda mashineni kusaga, nilimwekea Bibi majarida mapajani. Kwanza alinitania kwamba nimesoma hadi nimeishiwa maandishi, sasa nasoma matundu. Nikamsomea tangazo. Aliyafunga majarida, akasema alizaa watano akazika watano, na Mungu alipomrudishia mmoja pale stesheni, yeye alikuwa nani wa kukataa. Alisema Babu aliyashona majarida yakiwa yametobolewa tayari, na hakuuliza. Halafu akanishika mkono akaniomba nimwache afe kwanza.

Nilikubali. Hili ndilo ninaloungama kwako, Mama. Nilimtazama nikaona hafiki Pasaka, nikajiambia Nyanzala amengoja miaka karibu hamsini, hatashindwa na miezi michache. Lakini wewe unamtunza Bibi vizuri. Unamwogesha, unamgeuza, unamkamulia machungwa. Pasaka mbili zimepita.

Wiki iliyopita Mzee Telesphor alinipigia. Nyanzala alizikwa mwezi wa sita. Kulwa alichukua simu akaniambia kwamba mama yao hakuacha kununua vitu viwili viwili kila Krismasi, na vya pili vipo kwenye begi chini ya kitanda, tangu gauni la mtoto mpaka kitenge cha mwaka jana. Sauti yake ni yako. Nilikata simu.

Bibi usimnyime uji kwa ajili yangu. Mengine siwezi kukuelekeza. Kosa la kwanza ni lake, la pili ni langu, na mimi nilikuwa nimesoma.

Humu ndani nimeweka nakala ya tangazo la Agosti, na nyuma yake namba ya Kulwa. Nimelichapa kwa kipimo kile kile. Ukiliweka kwenye lile tundu, litaingia.

Msalimie Kelvin, na majirani wote wa Litapunga. Nitakuja Jumamosi ijayo kwa miguu yangu, hata kama hutanifungulia.

Mwanao,
Lusia