Thumuni Tatu za Sukari

Sefina na Tavita,

Panikeke, zile kalimati zetu za kukaanga, zimo kwenye sufuria, nimezifunika. Tavita, ukitangulia kufika mbakishie mkeo; anatoka kazini saa kumi na moja. Nimewapeleka wajukuu wangu Lupe na Mele maktaba, tutarudi na basi la saa kumi. Mvua ikija, anueni nguo.

Sefina, asubuhi ulipokuwa unavaa viatu nilikusikia ukimwambia mumeo: "Kazi zetu mbili na kuwafundisha watoto wenyewe hapa jikoni vimetushinda. Na Mama mwenyewe aliishia darasa la sita! Jumatatu waende shule." Neno hilo liliniuma, mwanangu, ingawa ni kweli.

~~Wapelekeni tu, nimechoka na maneno.~~

Hapana, huo mstari nimeufuta. Mlipoondoka tulipika. Unga ulikuwa kidogo, nikataka nusu ya kila kitu. Karatasi yako ya mapishi inasema sukari robo tatu ya kikombe. Nusu yake ni ngapi? Nikakwama. Lupe, huyohuyo aliyelia wiki nzima na hesabu za sehemu, akachora kikombe, akakigawa sehemu nane. "Thumuni tatu, Bibi! Hata hiyo hujui?" Akanieleza mpaka ikaniingia. Mchoro wake uko chini ya sahani, utazameni.

Kitendawili! Mwalimu ana miaka tisa, mwanafunzi ana sabini na moja. Mmeshindwa? Nipeni mji! Ni Lupe na mimi. Na mji ninaoutaka ni huu: wasome hapa nyumbani hadi Krismasi.

Mama yenu,
sasa niko darasa la saba