Pedi Zako Zilikuwa Nzima

Luzira, Kampala

Kwa mdogo wangu Sebit,

Salaam aleikum. Huku tunapumua. Shemeji yako Zamzam pia anapumua, ingawa mkono wake wa kulia bado uko kwenye plasta. Mama je, kifua chake kimetulia? Watoto wako wanaenda chuoni kusoma Kurani au wanashinda mtoni? Nauliza kwa sababu ni watu wangu, si kwa sababu moyo wangu umepoa juu yako. Haujapoa.

Barua yako imefika. Umeniita muongo mwenye mvi, halafu ukaongeza kwamba ulinyonya ziwa moja na nyoka. Mdogo hamwandikii mkubwa wake maneno kama hayo. Baba angekuwa hai ungekula fimbo, na ndevu zako hizo. Lakini si matusi yaliyoniondolea usingizi. Ni pale mwisho, uliposema unapanda basi, unavuka Busia, unakuja mpaka mlangoni kwangu nikuambie usoni pedi zako za breki zilikuwa na ubaya gani.

Sebit, usije. Na kwa sababu nakijua kichwa chako, nikisema neno hilo tu utakuja mbio zaidi. Basi nakuambia hapa hapa. Hazikuwa na ubaya wowote. Zilikuwa nzima. Aliyeharibu ni mimi.

Unakumbuka siku ile Busia, ulipozitoa kwenye gunia la dagaa omena ulimozificha. Nilikuwa nimekuomba kwa sababu huku spea hakuna, na ukipeleka gari gereji wanakutolea kizuri wanakuwekea kibovu. Nikasema nitafunga mwenyewe nyumbani. Ukanishika mkono ukaniambia, "Kaka, hizi si breki za dramu. Ukishasukuma pistoni irudi ndani, pedeli inakuwa tupu. Kabla hujatoa gari, kanyaga, kanyaga, mpaka usikie imejaa."

Nikakuuliza, mbele ya watu, nani alikufundisha kushika spana.

"Wewe, mzee," ukasema. "Lakini ulinifundisha lori, lenye dramu."

Wale mama wa ndizi wakacheka. Ulicheka nao. Nilipanda basi na hicho kicheko mpaka Kampala, na hata leo nikikikumbuka nataka kukuzaba kofi. Ningekuwa mimi ndiye mdogo, nisingemfundisha kaka yangu mbele ya wauza ndizi.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, usidhani mkono umekufa. Niliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, nikalegeza nati kabla ya kupiga jeki, nikatoa gurudumu. Pedi za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa, zimebaki chuma, zimekwangua diski mpaka ina mistari. Pistoni niliirudisha ndani kwa mti na spana kubwa, polepole. Upande wa pili pia. Zako ziliingia kama zimezaliwa pale. Zamzam alitoka na buibui yake, anataka nimpeleke Wandegeya kwa dada yake, akaniuliza kama kazi imekwisha. Nikasema imekwisha. Yale maneno yako yalikuwa sikioni, Sebit. Sikusahau. Nilisema moyoni, huyu mtoto hatanikanyagisha pedeli kama turnboy wa lori, nimekaa ndani ya gari yangu mwenyewe. Nikatoa mawe.

Sasa ujue nyumba yetu ilivyokaa. Njia inashuka kutoka mlangoni kwetu kwenda upande wa ziwa, na chini kabisa, palipo na kona, anakaa sajini mmoja wa jeshi, anaitwa Drani. Hendibreki ya gari ilikufa zamani. Nilipofika karibu na kona nikakanyaga, mguu ukaenda mpaka chini, kama nimekanyaga uji. Nikakanyaga tena, uji. Mara ya tatu nikasikia pedeli inanisukuma mguu, breki inaanza kushika. Pale pale nikajua. Lakini ukuta wa bafu ya sajini ulikuwa umeshaingia kwenye boneti, na Zamzam amepiga mkono mbele, mfupa ukalia.

Sajini alikuwa ndani anaoga. Alitoka na taulo, povu masikioni, bastola mkononi. Sabuni, Sebit, ambayo Kampala nzima inaitafuta, ilikuwa imekanyagwa kwenye matofali, naye aliiangalia sabuni kwanza kabla hajatuangalia sisi. Nilimwamkia. Ndiyo, nilimwamkia, "Shikamoo afande," mtu ninayeweza kumzaa.

Akasema, "Nani natuma wewe kuja piga nyumba yangu?"

Wewe uko Kibos, hujui swali hilo huku lina uzito gani. Kuna mtu wa kazini kwetu bandarini aliulizwa swali kama hilo, hatujui amelala wapi. Ningesema nilidharau kukanyaga pedeli, nani angeamini? Mtu mzima, dereva wa miaka mingi, anaachia gari iende kwenye nyumba ya mwanajeshi kwa sababu ya kiburi? Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Hakuna aliyenituma, afande. Ni ndugu yangu wa Kenya, alinipa pedi mbovu."

Akauliza jina. Nikampa. Akauliza la baba. Nikampa. Akauliza wewe huwa unapita wapi ukija huku. Nikasema Busia.

Hakuandika popote. Alilirudia jina lako taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, halafu akaiweka bastola chini akaenda kuokota sabuni.

Zamzam alikuwa ameketi kwenye gari ameshika mkono wake, anasikia yote.

Baada ya hapo uongo ulikuwa na miguu. Kwa sajini nilikuwa nimeshasema, na mama mkwe aliponiandikia kutoka huko kwenu akiuliza mtoto wake amevunjwa na nini, nikamwandikia hilo hilo, na kwa Mama pia. Nasikia sasa hawakukaribishi kwa mama mkwe, na kwamba alikurudishia nyama ya akika ya mtoto wako ikiwa bado kwenye sahani. Hilo limeniuma, hata kama unadhani siwezi kuumwa.

Gari siyo yangu tena. Sajini alinilazimisha ninyooshe boneti, halafu akasema atakaa nayo kwa ajili ya ukuta wake. Pedi ni zile zile zako. Sikubadilisha hata moja. Nilikanyaga pedeli mpaka ikajaa, kama ulivyosema, na inasimama safi. Kila asubuhi anapita mlangoni kwetu, anafunga breki hapo kwenye mteremko, anapiga honi na kuniuliza, "Muzee, ndugu yako nakuja lini? Mimi nataka kunywa chai na yeye." Anacheka. Mimi nacheka pia. Siku hizi nacheka kila asubuhi.

Utaniuliza kwa nini sijaenda kumwambia ukweli. Naogopa. Nikisema nilidanganya, ataanza upya na lile swali la kwanza, na safari hii sina jina la kumpa. Hiyo ndiyo saizi yangu, Sebit, uipime vizuri.

Zamzam hasemi nami zaidi ya kuniuliza kama nitakula. Juzi nilipomsomea barua yako, ile ya kwamba unakuja, aliweka sahani chini akasema, "Uliyemuuza ni mtoto wa mama yako. Mwandikie. Usipoandika, nitaandika mimi kwa mkono wa kushoto." Ndiyo haya naandika. Simtumii mtu wa posta, barua zinafunguliwa. Nampa mtu wetu wa feri ya mabehewa ya reli, atakukabidhi mkononi Kisumu.

Kwetu mkubwa haombi msamaha kwa mdogo. Hutuma mtu wa tatu, na kuku. Huku sina wa kumtuma, na kuku hafiki. Kwa hiyo nasema mwenyewe: nimekosa. Nimeandika mara moja, sirudii, usome polepole.

Barua hii uisome kwa sauti mbele ya Mama, na mbele ya mama mkwe, wale wale niliowaandikia uongo. Usiruke mahali, hata pale pa uji. Msalimie shangazi wa Kibera akija, na baba mdogo anayeadhini, umwambie aniombee lakini asinisifu. Mke wako mwambie nyama yake ilikuwa halali.

Na mengine yote uliyonifanyia tangu utoto bado nayakumbuka, tutayasema siku nyingine. Usivuke Busia. Kaa huko Kibos unichukie ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako,
Yahya